Waya wa Kornelia na Ng'ombe wa Shemeji

Kornelia alianguka zizini asubuhi, ndoo ya maziwa mkononi, na mtu wa kwanza kumfikia alikuwa Thadeus, mume wake wa ndoa ya kanisani. Unadhani aliuliza nini? Aliuliza kama ng'ombe ameumia. Kornelia alikuwa ameshaanza kurudiwa na fahamu, shavu limelalia samadi, na swali lile alilisikia vizuri sana. Hakulijibu kwa sababu pumzi haikutosha. Lakini alilihifadhi, na wanaomjua Kornelia wanajua kwamba neno akishalihifadhi haliozi.

Tuseme ukweli, huyu mama hakuanza hasira jana. Alizaliwa karibu na Tarakea, kule mpakani, katika nyumba yenye wasichana tu, na tangu akiwa binti alikuwa akivuka upande wa Kenya na maharage kichwani, akirudi na sabuni na mafuta ya kupikia. Mgambo mmoja aliyejaribu kumnyang'anya mzigo alirudi kituoni bila kofia. Hadithi hiyo bado inasimuliwa sokoni, na kila mwaka mgambo anazidi kuwa mrefu. Alipoolewa huku juu, Useri, kwenye kihamba cha kina Thadeus, shamba lao la ukoo, mama mkwe alisema nyumba imepata mwanamke wa kazi. Hakukosea. Kahawa ikapaliliwa, migomba ikatiwa samadi, watoto wakasoma, na jina la Thadeus likaanza kutajwa kanisani kama mtu wa maendeleo. Thadeus mwenyewe saa hizo alikuwa wapi? Kilabuni, mbele ya kibuyu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, akiwaeleza wenzake namna ya kulima.

Simsemi vibaya sana. Si mpigaji, wala si mlevi wa kulala mitaroni. Ni mtu mpole ambaye hajawahi kunyanyua kitu ambacho mkewe angeweza kukinyanyua. Watu wa namna hiyo husifiwa sana siku ya mazishi yao.

Sasa huyo ng'ombe. Hakuwa wa Kornelia, wala wa Thadeus. Alikuwa wa Primus, kaka mkubwa wa Thadeus, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Moshi na familia yake mtaa wa Pasua. Kwetu mlimani, mtu mwenye ng'ombe lakini hana mikono ya kumtunza humwekesha kwa ndugu. Mtunzaji anakunywa maziwa na kupata samadi. Ndama wa kwanza ni wa mwenye ng'ombe, wa pili ni wa mtunzaji, wanaendelea hivyo kwa zamu. Ni desturi nzuri, imelisha nyumba nyingi, nami siitukani. Ila ina mwiba wake. Ng'ombe wa kuwekeshwa harudishwi hivi hivi. Ukimrudisha umemwambia ndugu yako kwamba undugu wake umekushinda, na hapo itabidi ukoo ukae, mbege ipikwe, na wazee waseme mpaka koo ziwakauke. Kwa hiyo ng'ombe anabaki. Akifa analetwa mwingine. Primus hajawahi kukata hata unyasi mmoja, lakini kila Krismasi alipanda kutoka mjini, akasimama mbele ya zizi mikono nyuma, akauliza kwa nini ng'ombe amekonda.

Na majani hayaoti zizini. Huku juu mashamba yamebanana, kila penye nafasi pana mgomba, kwa hiyo wanawake wa Rombo hushuka mpaka tambarare kukata majani, kisha hupanda nayo mlima, furushi kichwani, mikono yote miwili imeinuliwa kulishikilia lisianguke. Kornelia alifanya hivyo kila siku ya Mungu isipokuwa Jumapili, ambayo alikata baada ya misa.

Miaka mitano kabla ya kuanguka zizini, moyo wake ulianza kupiga polepole mno. Alizimia kwenye maandamano ya Ekaristi, mbele ya padri na kwaya nzima, akapelekwa hospitali mjini Moshi. Huko walisema umeme wa asili wa moyo wake umekatika njiani, vyumba vya juu vinaita na vya chini havisikii. Wakamwekea betri ndogo chini ya ngozi, kifuani upande wa kushoto, chini kidogo ya mtulinga, ule mfupa wa kati ya shingo na bega, na waya uliopenya kwenye mshipa mpaka ndani ya moyo. Betri inatuma umeme, waya unaupeleka, moyo unaitikia. Siku ya kuruhusiwa, nesi aliwakalisha yeye na Thadeus, akawaeleza taratibu: mkono wa kushoto usiinuliwe kupita bega mpaka kidonda kipone kabisa, na hata baada ya hapo kazi nzito za mkono huo aziache, wala asitundike mzigo begani.

Na hapo ndipo lilipofanyika kosa ambalo hasira zangu zote zinatokana nalo. Waliporudi nyumbani majirani walikuwa wamejaa sebuleni, wanakunywa mtori wa ndizi, wanampa mgonjwa pole. Thadeus alisimama katikati yao akatoa ufafanuzi. Nesi amekataza mkono na bega, alisema, kichwa hakukitaja. Kwa hiyo mama akipona, majani atabeba kichwani kama kawaida, hakuna shida. Watu waliitikia kwa vichwa. Wanawake pia waliitikia, kwa sababu kwetu kinachobeba ni kichwa, mikono inashikilia tu, na ni nani amewahi kuhesabu kushikilia kuwa ni kazi? Kornelia naye, asije akasema nimempendelea, aliitikia. Kidonda kilipokuwa kikipona, binti yake, Pamela, ambaye alikuwa bado nyumbani, ndiye aliyekata majani. Baadaye Pamela akaenda Himo kushona nguo, na Kornelia akarudi kwenye njia yake ya tambarare. Furushi kichwani, mikono juu, kila siku.

Mwaka huu uliopita miguu ilianza kuvimba. Kupanda mlima ikawa ni kutembea na kusimama, kutembea na kusimama. Usiku alilala ameegemea mito kama mtu anayesubiri wageni, maana akilala chali pumzi inakata. Thadeus alisema ni uzee. Primus alipokuja Krismasi alisema shemeji anakula chumvi nyingi, halafu akaenda kumwangalia ng'ombe. Ikaja kizunguzungu, macho kuwa giza ghafla na kurudi. Kornelia alikuwa akishika mgomba mpaka kipite, halafu anaendelea na kazi. Mungu anisamehe, lakini hata mimi nilimwona hivyo siku moja, nikadhani amechoka tu.

Basi akaanguka, kama nilivyosema, na Thadeus akauliza habari za ng'ombe. Pamela alipigiwa simu na jirani, akatoka Himo na gari la kukodi, akampakia mama yake moja kwa moja mpaka Moshi.

Daktari aliyewapokea aliitwa Goodness, mama kijana wa Machame mwenye sauti ya chini. Alimwamkia Kornelia shikamoo kabla hata ya kumgusa, na Kornelia, pamoja na hali ile, alilipenda jambo hilo. Alimwekea kifaa juu ya kifua, akatazama mistari kwenye kompyuta kwa muda mrefu. Betri bado ina nguvu, alisema, ila umeme wake mara unafika, mara haufiki. Picha ya eksirei ilionyesha kwa nini. Waya ulikuwa umevunjika pale unapopita kati ya mtulinga na ubavu wa kwanza. Jioni hiyo hiyo walipitisha waya wa muda kwenye mshipa wa shingo ili moyo usisimame, wakamlaza, wakamwambia asijigeuze ovyo.

Kesho yake Thadeus alifika, na Primus akiwa mbele yake amevaa koti. Wakasimama miguuni mwa kitanda, Pamela amesimama kichwani. Daktari akaja kuwaeleza wote kwa pamoja, na kabla ya kueleza alimuuliza mgonjwa swali moja: huwa anabeba mzigo gani akiwa ameinua mikono? Kornelia akaonyesha kwa mkono wa kulia, kwa kuwa wa kushoto walikuwa wamemkataza. Furushi la majani, mwanangu, la ng'ombe. Kila siku.

Alisema kila mikono inapoinuka na uzito juu yake, mfupa wa mtulinga unaubana waya dhidi ya ubavu, unaubana na kuuachia, mpaka waya unakatika kama waya wa uzio ukiukunja mara nyingi. Hilo ni la kwanza. La pili ni la moyo wenyewe. Waya ule wa zamani ulikuwa unaupiga moyo upande mmoja tu, upande wa kulia, na upande wa kushoto ukawa unapata habari kwa kuchelewa. Si kila mtu hudhurika kwa hilo, lakini moyo wa mama huyu umedhurika. Umetanuka, umelegea, hausukumi damu inavyopaswa, ndiyo maana ya miguu kuvimba na pumzi kukata.

Thadeus akauliza, hivi upande mmoja unacheleweshwaje na moyo ni mmoja? Daktari akamfananishia na mfereji wa maji unaoshuka kutoka msituni. Maji yakishuka kwa njia yake, yanafika kwenye mgawanyo, shamba la kulia na la kushoto yanalowa kwa pamoja. Lakini mtu akija akamwaga ndoo katikati ya shamba la kulia, la kushoto litalowa baadaye sana, kwa kuchuruzikiwa. Thadeus alielewa. Kwa mifereji alikuwa hodari, hasa ya kuisimulia.

Kisha zikaja njia za tiba. Wangeweza kuweka waya mpya palepale pa zamani. Ni kazi fupi, ingezuia kuanguka, lakini moyo ungeendelea kuchechemea. Wangeweza kuweka mashine yenye waya wa ziada unaokwenda upande wa kushoto, pande zote mbili zipigwe pamoja. Au wangeweza kuupigilia waya ndani kabisa ya ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya chini, pale inapopita njia ya umeme ya asili, ili maji yarudi kwenye mfereji wake. Kornelia alimuuliza angemchagulia mama yake mzazi ipi. Daktari alijibu bila kuzunguka: hiyo ya mwisho. Akaongeza kwamba njia hiyo wakati mwingine haipatikani, na wakishindwa watakwenda kwenye ile ya pili. Na moyo uliolegea unaweza kurudi wote, au nusu, au usirudi. Hakumdanganya, na hilo nalo Kornelia alilipenda.

"Lakini nisikilizeni," daktari akasema. "Waya wowote nitakaoweka, mama akirudi kubeba majani, utavunjika kama huu. Na moyo wake peke yake haupigi vya kutosha. Safari ijayo anaweza kuanguka asiinuke."

Pamela alianza kulia taratibu. Na hapo Primus, mkubwa wa ukoo, mtu wa duka, akaona nafasi ya kusema neno la hekima. Alimtazama Kornelia kwa huruma ya watu wanaojiona hawana makosa, akamwambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Si aliambiwa na manesi? Kwa nini akainua mkono? Ukaidi wake ndio unaosumbua familia nzima, watu wanafunga maduka kuja huku. Thadeus akatingisha kichwa kwa masikitiko, akamalizia kwa sauti ya chini:

"Nilimkataza."

Ee bwana. Nilisema Kornelia alikuwa amelala, waya shingoni, amekatazwa kujigeuza. Afadhali walimkataza. Uso ulimbadilika mpaka Pamela akaacha kulia. Maisha yote ya ndoa alikuwa amemwita mumewe Baba Pamela, nyumbani, kanisani, hata kwenye ugomvi. Siku hiyo alimwita kwa jina, mbele ya kaka yake na mbele ya daktari.

"Thadeus. Hebu rudia."

Thadeus alitazama dirishani.

Ndipo Kornelia akazungumza, maneno machache machache kwa sababu ya pumzi, na kwa kuwa yalikuwa machache kila moja lilifika. Alimkumbusha sebule ile, mtori ule, watu waliokuwepo, jinsi alivyosimama na kusema kichwa hakikutajwa. Alimuuliza ni siku gani kati ya siku zote hizo alizomwona akipandisha mlima alipoinuka kwenye kiti akamtua mzigo. Siku moja tu, aitaje, yeye atamwomba msamaha hapo hapo. Thadeus aliendelea na dirisha. Kisha Kornelia akamgeukia Primus, akamwambia shemeji, ukaidi wangu ndio uliomnenepesha ng'ombe wako. Ukaidi huo usingekuwepo ungekuta ngozi. Primus akafungua mdomo kusema kitu kuhusu shukrani ya punda, na daktari Goodness, yule wa sauti ya chini, akawaambia wanaume wote wawili watoke nje, na akawafungulia mlango yeye mwenyewe.

Kwenye korido Primus alimwahidi Pamela kwamba suala la ng'ombe litaangaliwa. Nalijua neno hilo. Katika ukoo wetu jambo likiambiwa litaangaliwa, basi, linaangaliwa hivyo hivyo mpaka waliohusika wanazikwa.

Kornelia alikubali upasuaji. Alisaini mwenyewe, akamwambia daktari kwamba kifo hakimtishi sana, ila kufa kwa ajili ya ng'ombe wa shemeji, hapana, hilo hatalikubali. Wakamchoma ganzi kifuani, hawakumlaza usingizi, kwa hiyo aliwasikia muda wote wakiongea nyuma ya kitambaa. Waya ulikataa kushika mahali pake mara ya kwanza, ukakataa tena. Daktari alikuwa akimwambia mama tulia, legeza bega, na Kornelia akijibu kwamba ametulia, kumbe kichwani alikuwa bado sebuleni kwake anagombana na watu waliokunywa mtori. Hatimaye mtu mmoja pale kwenye kompyuta alisema kitu, daktari akasogea kutazama mistari, akacheka kidogo. Mfereji umepatikana, akamwambia. Kornelia akasema Mungu akubariki, mwanangu, na machozi yakamtoka, hata yeye hakujua ni ya shukrani au ya hasira.

Alikaa Himo kwa Pamela mpaka kidonda kikafunga na mkono ukaruhusiwa kazi ndogo ndogo. Kwa dawa za kupunguza maji na huo waya mpya, miguu ilirudi kuwa miguu. Akaanza kulala kwa mto mmoja. Siku alipotembea mpaka sokoni na kurudi bila kusimama njiani, alikaa mlangoni mwa Pamela akashika kifua chake kwa kiganja, muda mrefu. Aliporudi kliniki daktari alimwambia moyo umeanza kujikusanya, na akamkumbusha tena lile la majani. Kornelia akamwambia hilo aliondoe mawazoni, kina shemeji wameahidi.

Wamama tunaamini haraka. Ndiyo kasoro yetu.

Aliporudi nyumbani juu, Pamela akimsindikiza akae naye siku chache, uwanja ulikuwa umefagiliwa na Thadeus amevaa shati safi. Kabla hajaketi alimsikia ng'ombe akilia zizini. Alimtazama mumewe. Thadeus akaeleza kwamba Primus anajipanga, unajua mambo ya mjini, na ukoo haujapata siku ya kukaa, na mambo haya hayaendi kwa pupa. Kwa sasa mtoto wa jirani anasaidia kutupia majani. Kornelia alikunywa chai, akalala.

Siku ya pili yake aliamka akaona kitanda cha Pamela kitupu. Alimuuliza Thadeus, akajibiwa binti katoka kidogo. Kornelia akatoka nje kuanika nguo, kwa mkono wa kulia, kamba imeshushwa chini. Jua lilikuwa limepanda vizuri alipoiona njia ya kutoka bondeni, na mtu anaipanda. Furushi kubwa la majani limemfunika mpaka nyusi, shingo imezama mabegani, jasho linamtiririka, mikono yote miwili juu. Ni Pamela. Thadeus alikuwa amemwamsha mapema akamwambia mtoto wa jirani hatakuja tena, na mama yako ndiyo hivyo. Na jana yake, hili Kornelia alikuja kulisikia kwa majirani, Thadeus alikuwa ameshaanza kusema kilabuni kwamba cherehani ingeletwa tu huku juu, nguo zinashonwa popote, na binti hana mume wa kumzuia.

Hasira ya mwanzo, ile ya hospitali, ilikuwa ya maneno. Hii haikuwa na maneno. Kornelia alishuka njiani kumpokea binti yake, na kwa kuwa hakuweza kumtua mzigo alimwambia autupe hapo hapo chini. Pamela akasema, mama, ng'ombe hajala. Akamwambia autupe. Furushi likaanguka katikati ya njia na likaachwa. Kisha Kornelia aliingia zizini, akafungua kamba ya ng'ombe kwa mkono wa kulia, akamtoa nje. Thadeus aliinuka kwenye kiti. Aliinuka upesi kabisa, kumbe aliweza.

"Unakwenda wapi na ng'ombe wa watu?"

"Nampeleka kwa watu wake."

Thadeus akamfuata nyuma akimsihi, akimtajia ukoo, marehemu baba yake, aibu, wazee watasema nini. Kornelia alitembea tu. Hakwenda mbali. Primus, kama matajiri wetu wote wa mjini, amejenga kijijini nyumba ya kuonekana: paa jekundu, nguzo nene, baraza la vigae vyeupe, hailaliwi na mtu ila wiki ya Krismasi. Geti lake lilikuwa limefungwa kwa komeo tu. Kornelia alilisukuma, akaingia na ng'ombe mpaka barazani, akamfunga kamba kwenye nguzo. Ng'ombe akanusa vigae, akaona havina maana, akaviharibu palepale.

Ilikuwa ni saa ya wanawake kurudi kutoka tambarare. Wa kwanza akasimama getini na furushi lake kichwani, akasimama wa pili, wakawa kundi. Hakuna aliyetua mzigo na hakuna aliyeondoka. Nami nilikuwamo. Kornelia akamwambia Pamela ampigie baba yake mkubwa, aweke sauti watu wasikie.

Primus alipoelewa kilichopo barazani kwake alifoka mpaka simu ikakwaruza. Alisema amedharauliwa, desturi imekanyagwa, ataita ukoo wote wiki hii hii na huyo mwanamke atajibu mbele ya wazee. Kornelia alimwacha amalize. Akamwambia awaite, na yeye atakuja na picha yake ya eksirei, wazee waione wapitishiane mkono kwa mkono. Ng'ombe akalia, njaa imemshika, akalia tena, na Primus akamsikia. Sauti yake ilipungua.

"Sasa shemeji," akauliza, "huyo ng'ombe nani atamkatia majani?"

Kornelia alikuwa akipumua vizuri, kifua kinapanda na kushuka bila haraka.

"Shemeji," akasema, "miaka yote uliyoniwekea ng'ombe, wewe na ndugu yako, leo ndiyo mara ya kwanza mtu kuuliza hivyo. Muulize ndugu yako. Huyu hapa."

Akamkabidhi Thadeus simu. Thadeus akaishika kwa mikono miwili. Simu ikamuuliza, Thadeus, nani atakata? Akamtazama Pamela, na Pamela, majani bado yamo kwenye nywele, akamtazama yeye. Akawatazama wanawake getini. Nasi tulimtazama, mikono yetu juu ya mafurushi, na wala hatukumsaidia. Simu ikauliza tena. Thadeus akasema haya, kaka, nitaangalia, akaikata. Kisha akamsogelea mkewe karibu sana, akainama ili sisi tusisikie. Tulisikia.

"Mama Pamela," akasema, "hivi mundu huwa unawekwa wapi?"

Kornelia alikuwa ameshageuka kuelekea getini.

"Utafute," akamwambia, akamshika binti yake mkono, wakaondoka.